Kozi ya Kiingereza iuzwe kwa saa, si kwa miezi

Tangazo liko kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za vituo vya daladala na siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp: ongea Kiingereza fasaha ndani ya miezi mitatu, cheti kinatolewa, njoo na picha mbili za pasipoti. Wanaojiandikisha ni watu wazima wenye shughuli zao. Yumo dereva anayetafuta kazi ya kupeleka watalii mbugani, mama wa duka la vipodozi anayetaka kuagiza mzigo bila kupitia dalali, karani anayeangushwa na usaili kila nafasi inapotoka, muuguzi anayewaza kazi ya nje. Wanalipa ada kwa jasho lao, wanatoka kazini, wanapambana na foleni, wanaingia darasani wamechoka. Miezi mitatu ikiisha wanapewa cheti chenye mhuri, na wengi bado wakikutana na mgeni wanatafuta mtu wa kuwajibia. Hapo lawama wanajitupia wenyewe: kichwa kizito, umri umekwenda. Mimi nasema vichwa vyao havina kasoro. Kasoro iko kwenye hesabu, na hesabu hiyo chuo kilipaswa kuwaonyesha kabla ya kupokea ada.

Tuifanye. Kozi ya jioni ya kawaida ni saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 12. Jumla ni saa 120, tena kama mvua hazikufunga barabara, sikukuu hazikuangukia katikati ya wiki na mwalimu hakupata dharura. Sasa tuweke kando ya namba hiyo kile kinachojulikana duniani. Cambridge, ambao mitihani yao ya Kiingereza hufanywa na watu wa kila bara, wanakadiria kwamba anayeanza sifuri huhitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili afike kiwango cha A2, yaani kujieleza kwa mambo mepesi ya kila siku. Kufika B1, ambapo mtu anaweza kusimulia jambo, kutoa sababu na kujitetea kazini, ni saa 350 hadi 400. Kufika B2, anapoanza kuongea bila kumchosha msikilizaji, ni saa 500 hadi 600. Viwango hivyo ni vya Baraza la Ulaya, vilivyochapishwa mwaka 2001, na vinatumika hata nje ya Ulaya. Neno “fasaha” la kwenye tangazo, ukilipima kwa ukarimu kabisa, liko B2. Mwenye saa 120 hajafika hata A2.

Atakayesema kwamba hayo ni makadirio ya wauza mitihani, ambao nao wana biashara yao, atazame serikali zinazolipia masomo ya lugha kutoka mifuko yao. Ujerumani, tangu mwaka 2005, inawapa wahamiaji kozi ya vipindi 600 vya Kijerumani, kila kipindi dakika 45, kwa lengo la kuwafikisha B1. Ukivigeuza kuwa saa kamili unapata 450, na hao ni watu wanaokisikia Kijerumani sokoni, kwenye basi na kwa jirani. Australia kwa miaka mingi iliwapa wahamiaji wapya saa 510 za Kiingereza bure, na mwaka 2021 ikaondoa ukomo huo, kwa kuwa wengi walikuwa wakitoka kwenye masomo hayo kabla ya kukimudu Kiingereza cha kuwatosha. Wamarekani nao, wanapomwandaa mwanadiplomasia wao kuja huku kwetu, chuo chao cha Wizara ya Mambo ya Nje kinakadiria wiki 36 za Kiswahili, kama saa 900 za darasani. Mwanafunzi huyo analipwa mshahara akiwa masomoni na kazi yake nyingine yote imesimama. Hakuna anayemwita mzito.

Saa zenyewe, hata hivyo, si za thamani moja, na hapa ndipo vyuo vyetu vingi vinapopoteza hata zile 120. Chukua darasa la watu 40. Mwalimu anaandika ubaoni nyakati 12 za vitenzi, darasa linaitikia kwa pamoja, kila mtu ananakili kwenye daftari. Tuseme mwalimu anazungumza saa moja na kuwaachia wanafunzi saa moja, naye anawainua mmoja mmoja. Dakika 60 kwa watu 40 ni dakika moja na nusu kwa kila mtu. Kwa siku 60 za kozi, kila mmoja atakuwa ameongea Kiingereza kwa dakika 90, muda wa mechi moja ya Simba na Yanga. Mwalimu huyohuyo akiwapanga wawili wawili kwa hiyo saa moja, wakaulizana bei, wakaelekezana njia, wakabishana, kila mmoja anaongea nusu saa kwa siku, na kozi inampa saa 30 za kufungua mdomo. Ada haijapanda na hakuna kiti kilichoongezwa. Kinachotakiwa ni mwalimu aliyefundwa kufundisha watu wazima, anayeweza kuvumilia kelele, maana darasa zuri la lugha lina kelele kama za gengeni. Wale wanaotoza faini kila anayeteleza akasema Kiswahili wanalinyamazisha darasa, kisha wanashangaa kwa nini watu hawaongei.

Kwa nini kuongea kwingi kunahitajika, wakati kanuni ziko kitabuni? Angalia jambo dogo linalomsumbua kila Mswahili. Siku ya kwanza mwanafunzi anaelezwa kwamba “he” ni wa kiume na “she” ni wa kike, naye anaelewa ndani ya dakika tano. Lakini sarufi aliyokua nayo haikumtaka atofautishe jinsia anaposema juu ya mtu wa tatu, kwa hiyo baada ya mwaka mzima wa masomo bado atamtaja mkewe kwa “he”, huku kanuni anaijua na anaweza kuwafundisha wengine. Katika maongezi hakuna nafasi ya kwenda kuifungua kanuni na kurudi. Ulimi lazima uzoee, na ulimi huzoea kwa kurudia mara nyingi sana. Kwenye maneno ni vilevile. Orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza iliyotolewa na Michael West mwaka 1953 ina maneno yapatayo 2,000. Anayetaka kuyameza yote ndani ya siku 60 ajifunze 33 kila siku na asisahau hata moja.

Kuna watakaouliza: mbona mtu aliyemaliza kidato cha nne amekaa na Kiingereza miaka minne, kwa nini ahesabiwe kama anayeanza sifuri? Swali ni la haki, ila jibu lake lilitolewa zamani. Mwaka 1984 wataalamu Clive Criper na William Dodd waliichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu za sekondari wakakuta wanafunzi wengi hawawezi kufuata masomo yanayofundishwa kwa lugha hiyo. Serikali ikaamua kubaki na Kiingereza na kutafuta mradi wa kukiimarisha. Matunda ya uamuzi huo ndiyo yanayoingia madarasa ya jioni: mtu anayesoma tangazo la kazi bila shida lakini akiulizwa ametokea wapi anakwama, ameketi na mwingine aliyeishia la saba na hajui pa kuanzia. Vyuo vingi vinawaweka chumba kimoja na kuwaanzishia alfabeti. Mmoja anachoka, mwingine anaachwa. Jaribio fupi la kumpima kila mtu kabla ya kulipa lingemwonyesha wa kwanza kwamba saa anazohitaji ni pungufu, na kwamba nyingi ni za kuongea.

Wengine watanikumbusha mapapasi wa Mji Mkongwe na wapagazi wa Kilimanjaro, waliokipata kimombo bila kukanyaga chuo. Ni kweli, na wanastahili heshima. Lakini wahesabie na wao. Kijana anayezungumza na wageni saa 3 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, amefikisha saa 900 katika mwaka mmoja, sawa na yule mwanadiplomasia wa Marekani. Hakuwa na njia ya mkato. Alikuwa na wingi wa saa, tena za ana kwa ana na zenye njaa nyuma yake. Simu nayo inasaidia kusikia na kuongeza maneno kwa mwenye bando, na saa zake zihesabiwe, ingawa mwenye kujifunza kwa simu peke yake mara nyingi hana wa kumkosoa.

Na lile la umri? Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha utafiti juu ya wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi na kukuta lugha mpya. Katika miezi ya mwanzo waliokwenda kasi zaidi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima; watoto wa miaka 3 hadi 5 ndio waliokuwa nyuma. Mtoto humpita mzazi baadaye, na si ajabu, kwa kuwa anashinda kutwa na wenzake wanaoongea lugha hiyo wakati mzazi ana saa moja ya darasa na ghala la kulinda usiku.

Pingamizi zito ni la wenye vyuo. Watasema: tukiandika saa 400 kwenye tangazo hakuna atakayekuja, na jirani yetu anayeandika miezi mitatu atachukua wateja wote. Siwadharau, kodi ya jengo haisubiri. Lakini saa 120 si kitu cha kuonea aibu zikiahidi kitu cha kimo chake. Dereva wa watalii hahitaji Kiingereza chote. Anahitaji kupokea wageni uwanja wa ndege, kueleza kwamba safari ya Ngorongoro itachelewa kwa sababu ya pancha, kuuliza nani hali nyama, kuwataja wanyama na kusema kwa upole kwamba dirisha lisifunguliwe hapa. Kwa saa 120 zilizopangwa juu ya kazi yake, katika darasa la watu 15, hayo yanafikika. Hali kadhalika kwa mhudumu wa hoteli na mwenye duka. Tangazo la namna hiyo lina ukweli na lina mvuto, na anayemaliza hatua ya kwanza akiona matunda yake atarudi kulipia ya pili.

Wala si jambo geni kwetu. Kozi za stashahada zilizo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, zinapangwa kwa krediti, na kila krediti inasimamia saa 10 za kujifunza. Kama fundi umeme na mtunza kumbukumbu wanahesabiwa saa zao, kozi fupi za Kiingereza hazina sababu ya kuuzwa kwa kukisia. Baraza lizitake zote zinazotoa cheti ziandike mambo manne juu ya cheti hicho: idadi ya saa alizohudhuria mwanafunzi, ukubwa wa darasa, kiwango alichoanza nacho na kiwango alichofikia. Mwajiri atajua anachokisoma, na chuo kinachofundisha kweli kitajitenga na kinachouza mihuri.

Hadi hapo, mlinzi wa fedha yako ni wewe mwenyewe. Kabla ya kulipa, muulize mpokea ada kozi ina saa ngapi, darasani mtakuwa wangapi na utapimwa kwa kipimo gani siku ya kwanza na ya mwisho. Akikujibu kwa kukuonyesha ukubwa wa cheti, usimlipe.