Utelezi wa maji ya moto nao una mwenyewe

Burungu, Masisi.

Kuna maneno ambayo nimechoka kuyasikia. Mtu akianza kuongea juu ya maji, msitu au udongo wa kwetu, mwingine anamkata: "Ngojeni kwanza vita viishe. Mambo ya ardhi tutayaongea tukirudi." Yanaonekana kuwa maneno ya hekima. Mimi nasema yanatufungia mdomo wakati ule ule ambapo tunapaswa kusema. Koltani ya Rubaya haikungoja amani ndipo ichimbwe. Anayetaka kitu chako anapenda sana usiwepo nyumbani.

Leo sitaongea juu ya koltani, kwa sababu juu yake kila mtu anajua la kusema. Nachukua kitu ambacho hakuna anayekihesabu kuwa mali: ule utelezi unaoota kwenye chemchemi za maji ya moto.

Ardhi yetu hii ni ya volkano na ya Bonde la Ufa, na maji ya moto yanatoka chini yake mahali pengi. Wengi wetu tunaijua May ya Moto kule Rutshuru, ndani ya Mbuga ya Virunga, kwenye barabara inayotoka Kiwanja kwenda Kanyabayonga. Kivu ya Kusini kuna Kankule, upande wa Katana. Ng'ambo ya mpaka, huko Bundibugyo nchini Uganda, kuna Sempaya, ambako wageni wanalipa kuingia mbugani na kuchemsha mayai kwenye maji yanayotoka ardhini.

Ukikaribia chemchemi ya namna hiyo, utaona mawe na matope yamefunikwa na kitu kinachoteleza. Hapa ni kijani, pale manjano, mbele kidogo rangi ya machungwa. Watu wanapita wakisema ni uchafu. Kumbe ni mkeka ulio hai, uliofumwa na vijidudu vingi kuliko watu wote wa Masisi na Walikale, na unene wake mara nyingi haupiti kidole.

Ukiukata kwa kisu utaona tabaka. Juu vinakaa vijidudu vya kijani vinavyoitwa sianobakteria. Vinafanya kazi kama jani la muhogo: vinachukua mwanga wa jua, vinajipikia chakula na kutoa hewa ya oksijeni. Chini yake mara nyingi viko vingine vya rangi ya machungwa, kama vile Chloroflexus, vinavyotumia mwanga uliobaki na chakula kinachoshuka kutoka juu. Chini kabisa, gizani pasipo oksijeni, viko vinavyokula mabaki na kutoa gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai bovu. Taka ya mmoja ni chakula cha jirani. Usiku jua likizama, oksijeni inakwisha ndani ya mkeka na gesi ya salfa inapanda juu. Asubuhi kila kitu kinageuka tena. Vijidudu vingine husogea juu na chini kufuata mabadiliko hayo, kama watu wanaofuata saa za soko.

Joto nalo linagawa makao. Maji yakipita nyuzi 73 hivi, hakuna kijidudu kinachoweza kuishi kwa mwanga wa jua, na kijani kinakoma. Karibu na jicho la chemchemi vinabaki vile tu vinavyojilisha kwa kemikali za ardhini. Ndiyo sababu mzee anayeijua chemchemi yake anaweza kukuambia kwa rangi peke yake wapi utie mguu na wapi utaungua. Na kwa kuwa joto, chumvi na salfa havilingani mahali na mahali, kila chemchemi ina wakaaji wake. Ukiharibu moja, huwezi kwenda kuazima mbegu kwa nyingine na kuirudisha jinsi ilivyokuwa.

Sasa tuingie kwenye pesa.

Mwaka 1966, mtaalamu Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua vijidudu kutoka chemchemi ya moto katika mbuga ya Yellowstone, Marekani. Kimoja walikipa jina la Thermus aquaticus, wakakitangaza mwaka 1969. Ndani yake kuna kimeng'enya, yaani kitendakazi kidogo cha mwili, ambacho hakiharibiki kwa moto. Vimeng'enya vya kawaida vikipashwa karibu nyuzi 95 vinaiva kama yai. Hiki kinaendelea na kazi. Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni njia ya kunakili chembe za urithi mara mamilioni, kwa kupasha moto na kupoza tena na tena. Njia hiyo inaitwa PCR, na kimeng'enya kile cha maji ya moto ndicho kilichoifanya iwe kazi rahisi ya mashine. Mullis alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kabla ya hapo, mwaka 1991, kampuni ya Hoffmann-La Roche ilinunua haki za PCR kwa dola milioni 300.

Mbuga ya Yellowstone ilipata nini? Haikupata kitu. Hata serikali ya Marekani, yenye mawakili wake wote, ilipitwa. Ilipozinduka, mwaka 1997, ndipo mbuga ikasaini mkataba na kampuni nyingine ili ipate fungu katika kitakachopatikana baadaye.

Anayedhani PCR ni habari ya mbali akumbuke Ebola. Mlipuko uliotangazwa hapa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, uligusa watu 3,470 na kuua 2,287. Aliyeambiwa "huna Ebola, rudi nyumbani" aliambiwa hivyo kwa kipimo cha namna ya PCR. Vipimo vya Covid na vya mpox vinafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo sisemi wataalamu wafukuzwe. Sayansi iliyotoka kwenye utelezi imeokoa watoto wetu. Ninachokataa ni kwamba siku zote kuna upande mmoja unaotoa chupa ya matope na upande mwingine unaopokea pesa.

Wakenya walilijua jambo hili mapema. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lililalamika kwamba vijidudu vilivyotolewa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa vimeifaidisha kampuni ya Genencor, iliyouza kimeng'enya cha kufifisha rangi ya nguo za jinzi. Kampuni ilisema haikuvunja sheria. Miaka mitatu baadaye, 2007, shirika hilo hilo lilisaini mkataba na kampuni ya Novozymes: mwenye kutumia vijidudu alipe fungu na afundishe wataalamu wa Kenya. Kulalamika kulizaa kitu.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi sisi tuliohama uko kwenye Ziwa Bogoria, lenye chemchemi za moto nyingi kandokando yake. Wenyeji wa hapo ni Waendorois. Miaka ya 1970 serikali iliwaondoa ili pawe hifadhi ya wanyama. Wengine wangesema: wameondoka, hawana tena neno. Wao waliendelea kusema. Mwaka 2003 walipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 uamuzi ukatangazwa: ardhi ni yao, warudishiwe, walipwe fidia, na wapewe fungu la mapato yanayotoka katika hifadhi ile. Utekelezaji umechelewa mno, sitawadanganya. Lakini neno limeandikwa, nalo linasema kwamba mtu kuondolewa kwake hakumvui haki ya kwake.

Ndugu uliyeko kambini, shika neno hilo. Waendorois walikuwa nje ya ardhi yao kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado walitambuliwa kuwa wenyewe. Wewe uliyetoka Burungu, Kitchanga, Mweso au Pinga mwaka juzi, nani anakuambia unyamaze mpaka urudi?

Na sheria zipo. Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2014, unasema anayechukua mali ya urithi wa viumbe aombe ruhusa kwanza na agawane faida. Kongo imejiunga nao. Sheria yetu namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili inagusa jambo hilo hilo. Ndugu zetu Bambuti nao wana sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki zao. Ubaya ni kwamba sheria hizi zinakaa Kinshasa kwa Kifaransa, na huku kwetu mtu wa kwanza kuzisoma mara nyingi ni yule yule anayekuja na chupa.

Kuna wanaojibu: "Siku hizi hakuna mtaalamu anayefika, njia zimefungwa." Wanasahau kwamba siku hizi hakuna haja ya kubeba gunia. Kipande cha utelezi kinachoenea kwenye kifuniko cha chupa kinatosha. Chembe zake zinasomwa kwenye mashine, maandishi yake yanatiwa kwenye kompyuta, na mtu aliyeko upande wa pili wa dunia anatengeneza kimeng'enya bila kukanyaga Kongo. Nchi za dunia zimeliona hilo: Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ili makampuni yanayofaidi maandishi hayo yachangie, na angalau nusu ya pesa iwafikie watu wa asili na wenyeji. Lakini mchango huo ni wa hiari. Na mwenyeji asiyejulikana kuwa mwenyeji, nani atamkumbuka wakati wa kugawa?

Wengine watacheka: "Utelezi utatupa ugali?" Sisemi kila chemchemi ina milioni 300 ndani yake. Iliyo mingi haitatoa hata franka moja. Lakini hakuna anayejua mapema ni ipi, na ndiyo maana haki inadaiwa kabla, wakati kitu bado kinaitwa uchafu. Kikishapewa bei, mlango umekwisha kufungwa.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na naomba shirika la raia liyabebe.

La kwanza: mtu yeyote anayechukua maji, matope au utelezi katika ardhi yetu aonyeshe kibali, kisomwe kwa Kiswahili mbele ya mwami au mkuu wa kijiji, na nakala ibaki kijijini.

La pili: kamati za waliohama ziitwe kwenye kikao hicho. Mkutano wa wenyeji usiofika kambini ni nusu ya mkutano.

La tatu: nusu ya kila kilichochukuliwa ibaki nchini, kwenye vyuo vyetu vya Goma na Bukavu au maabara za INRB, na kijana wa Kongo awe mezani wakati kinasomwa, si mlangoni akibeba mizigo.

La nne linatuhusu sisi wenyewe. Tusifulie nguo kwa sabuni kwenye jicho la chemchemi, tusitupe betri wala plastiki, tusikwangue mkeka kwa ajili ya mchezo. Anayeoga aoge chini, maji yakishapoa. Huwezi kudai mbele ya dunia kitu ambacho mwenyewe unakimwagia taka.

Na wewe mzee au mama unayeijua chemchemi ya kwenu, hata kama umeiacha nyuma, waambie watoto iko wapi, inaitwaje, rangi zake zilikuwaje na wazee walikuwa wanaitumia kwa ugonjwa gani. Mwombe mwenye kujua kuandika aiandike kwenye daftari, na tarehe. Mbele ya Tume ile ya Afrika, Waendorois hawakwenda na bunduki. Walikwenda na kumbukumbu za mahali pao.