"Vumilia Mama"

Jamani, leo naomba tuongelee maumivu. Ya mapenzi nawaachia wenyewe.

Mama yangu mdogo alikutwa na saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji, titi moja likaondolewa lote. Usiku wa kwanza nilikaa naye wodini. Amekumbatia mkono wake, ameuma meno, hasemi kitu.

"Mama mdogo, inauma?"

"Nitavumilia, mwanangu."

Nesi alipopita akamsifu: huyu ndiye mgonjwa wangu mzuri, hasumbui.

Sifa ile inaniudhi mpaka leo. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tunavyofundishana. Sasa mama mdogo alikula mbivu gani? Kwa kuogopa maumivu hakuinua mkono, mazoezi aliyoelekezwa akayakwepa, bega likakakamaa. Wiki kadhaa baadaye nilimkuta hawezi hata kuchana nywele zake.

Kazi yangu ni kuuliza, nikaanza kuwauliza madaktari. Kumbe maumivu haya hupangiwa mapema. Mtaalamu wa usingizi anaweza kuchoma ganzi kwenye neva za kifua kabla kisu hakijagusa ngozi. Baada ya hapo dawa kama panadol hutolewa kwa saa maalumu, bila kungoja mgonjwa alie. Yakizidi, ipo mofini. Wengi wanaiogopa, eti mgonjwa atageuka teja. Ikitumika siku chache chini ya uangalizi wa daktari, hatari hiyo ni ndogo.

Kuna na yale yanayobaki kidonda kikishapona: kuungua, ganzi, vichomi vya kwapani na upande wa ndani wa mkono. Mama mdogo alidhani saratani imerudi, akanyamaza kwa hofu. Daktari alipomchunguza akakuta ni neva zilizoumizwa wakati wa upasuaji, akampa dawa ya neva, maana panadol peke yake haifui dafu hapo. Miezi ile yote aliumia bure!

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama una mama, shangazi au dada anayesubiri upasuaji, muulizeni daktari kabla ya siku yenyewe: maumivu mtayadhibiti vipi? Na akitoka chumba cha upasuaji, msimwambie avumilie. Mwulizeni, kati ya sifuri na kumi, inauma kiasi gani? Akisema nane, mwiteni nesi. Akichelewa, mwiteni tena.

Uvumilivu tuutunzie foleni za daladala. Au wadau mnasemaje?