Jukwaa Lisilo na Jana

Ni desturi njema ya vyama vya taarabu kwamba wimbo mzuri hauzikwi. Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, kimepitiwa na masultani, na Mapinduzi, na mageuzi ya ala na mavazi. Walakini kimeendelea kuimba nyimbo za zamani kando ya nyimbo mpya. Nyimbo za Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilianza kutiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, zinaimbwa na vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya kufa kwake mwaka 1950. Hapana mtu aziitaye nyimbo hizo kuukuu. Mwenye kuziimba vibaya huaibika, maana wasikilizaji wake wanazijua kama azijuavyo yeye, au kuliko yeye.

Yafaa kuuliza kwa nini heshima hii iliyopewa wimbo imenyimwa mchezo wa kuigiza. Kiswahili kina michezo iliyopigwa chapa tangu miaka ya 1950. Nakupenda, Lakini... wa Henry Kuria, uliotoka katika shule ya Alliance huko Kikuyu, na Afadhali Mchawi wa Graham Hyslop, yote miwili ilichapishwa mwaka 1957. Baada ya hiyo imekuja mingine mingi, na baadhi yake ni kazi ambazo lugha yoyote ingejivunia. Vyama vya michezo vipo mijini, vyuoni na vijijini. Lakini chama kikiulizwa kilicheza nini katika misimu yake iliyopita, aghalabu jibu ni kimya, au ni orodha ya michezo iliyochezwa mara moja na kutupwa kama jani la mgomba baada ya karamu.

Kosa hili si dogo. Chama kisichorudia michezo yake ya zamani kando ya mipya kinaua fasihi ile ile ambayo kinadai kuitumikia. Mchezo haukuandikwa ili ulale katika kabati. Maisha yake yamo katika kinywa cha mchezaji na jicho la mtazamaji, na mchezo usiorudiwa umekufa hata kama kitabu chake kingali kinauzwa dukani.

Hapana budi kukiri kwamba waliokuwa na misimu ya namna hii kwanza katika Afrika ya Mashariki walikuwa wageni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam walikuwa na vyama vyao, wakacheza vichekesho vilivyotoka London karibuni pamoja na michezo ya Shakespeare. Kenya National Theatre ilifunguliwa Nairobi mwaka 1952, mwaka ule ule iliotangazwa hali ya hatari, na jina lake la taifa lilikuwa pana kuliko mlango wake. Hata Oktoba 1976, karibu miaka 13 baada ya uhuru, The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ilipewa siku chache tu katika jumba hilo, kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha kutolewa kwa ngoma za Kifaransa na kichekesho cha kigeni. Na michezo hiyo miwili ndiyo iliyokuwa ikiandaliwa kwenda kuiwakilisha Kenya katika tamasha la Lagos mwaka 1977!

Hasira iliyofuata ilikuwa ya haki. Lakini katika kumwaga chuya, ungo nao ulitupwa. Wageni wale walikosea walipodhani kwamba michezo yao ndiyo michezo pekee. Hawakukosea kuwa na msimu uliopangwa, kutangaza mapema yatakayochezwa, kutunza daftari la yaliyochezwa, na kuuweka mchezo wa miaka 300 karibu na mchezo wa mwaka jana ili watu waipime miwili hiyo kwa jicho moja. Huo ni utaratibu wa kazi tu, wala hauna kabila. Aliyeutupa pamoja na ukoloni alijinyima chombo, akabaki na mikono mitupu.

Kisa cha Kamĩrĩĩthũ chatosha kuwa ushahidi. Katika kijiji hicho cha Limuru wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa lao wenyewe, na tarehe 2 Oktoba 1977 wakaanza kucheza Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta ruhusa ya kuucheza, na mwaka haukwisha kabla Ngũgĩ wa Thiong'o hajatiwa kizuizini. Mwaka 1982 wanakijiji walipotayarisha mchezo mwingine walifungiwa mlango wa jumba la taifa Nairobi, na mwezi Machi jukwaa lao likabomolewa na polisi. Ilipofika mwaka 2022, Ngaahika Ndeenda ulichezwa katika jumba lile lile la taifa. Walioutazama hawakuambiwa kwamba ni mchezo wa zamani uliopitwa na wakati. Ardhi, deni na unyonge wa mwenye jembe ni mambo waliyoyatambua bila mkalimani.

Kisa hiki kina fundisho chungu. Ili kuukomesha mchezo mmoja, serikali ilihitaji amri, kufuli, gereza na tingatinga. Ili kuikomesha michezo mingine mingi, vyama vya michezo havikuhitaji chochote ila usahaulifu. Mdhalimu alijua thamani ya mchezo kuliko wachezaji wanaoucheza mara moja na kuusahau.

Wapo watakaojibu kwamba michezo ya Kiswahili haikusahauliwa, kwani inasomwa shuleni. Jibu hili linastahili kupimwa. Katika Kenya, makundi ya waigizaji huzunguka katika kumbi na shule yakicheza mchezo uliowekwa kwa mtihani. Kifo Kisimani wa Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya wa Timothy Arege, Kigogo wa Pauline Kea na Bembea ya Maisha wa Arege, kila mmoja umepata zamu yake. Kazi ya makundi haya si ya kudharauliwa, maana bila yao vijana wengi wasingeona jukwaa kamwe. Lakini zamu ikiisha, mavazi hukunjwa. Mchezo ulioshangiliwa jana na maelfu ya wanafunzi haupati tena hata mtazamaji mmoja mtu mzima. Je, uzuri wake ulikwisha siku karatasi ya mtihani ilipobadilishwa?

Katika Tanzania hali ni mbaya zaidi. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe wa Edwin Semzaba umesomwa na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi. Waulizwe, watataja dhamira, wahusika na mandhari bila kukosea. Waulizwe kama wamepata kuuona ukichezwa, wengi watacheka. Mchezo huo unamhusu karani wa sensa ambaye mapenzi yaliiharibu kazi aliyotumwa. Taifa lilipohesabu watu wake mwezi Agosti 2022, kila chama cha michezo kilikuwa na mchezo tayari mkononi, wenye kuchekesha na kuonya, usiohitaji kuagizwa wala kutungwa upya. Chama chenye kumbukumbu hujua kuchagua saa ya namna hii. Chama kisicho na kumbukumbu hukaa kikingoja mtu akiletee maneno ya kusema.

Na maneno hayo huletwa kweli. Mwaka 1982 na 1983, huko Malya, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikaa na wanakijiji, wakawasaidia kuyachungua matatizo yao wenyewe kwa mchezo na ngoma. Ile ilikuwa kazi ya heshima, kwani swali lilitoka kwa wenye tatizo na jibu lilitafutwa nao. Lakini kutokana na mbegu hiyo limeota pia gugu: mchezo wa agizo, ambao mwenye fedha ameshaandika jibu lake kabla ya mchezaji kufumbua kinywa. Leo ni malaria, kesho ni vyandarua, kesho kutwa ni uchaguzi. Wachezaji hulipwa, picha hupigwa, taarifa hupelekwa kwa mfadhili, na mchezo hufa jioni ile ile. Haulaumiwi kwa kufundisha, maana Waswahili wamefundishana kwa hadithi na utenzi tangu zamani. Unalaumiwa kwa sababu hauna la kumwambia mtazamaji mara ya pili.

Hapo ndipo kilipo kipimo cha mchezo wa kudumu: una la kusema mara ya pili. Umri peke yake hautoshi, wala sifa za ng'ambo hazitoshi. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein ulichapishwa mwaka 1969, nao wasimulia Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Mtazamaji wa mwaka 1969, ambaye taifa lake lilikuwa changa na lenye matumaini, aliona ndani yake umoja wa makabila. Mtazamaji wa leo aweza kuona jambo jingine: imani iliyowakusanya watu ikamponyoka yule aliyeianzisha, hata asiweze tena kuizuia. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa na mabwana wa Kijerumani aseme kwamba maji yalikuwa uongo; anakataa, ingawa moyoni mwake ana shaka kubwa. Je, ni shujaa kwa kukataa, au amewaachia watoto uongo mtakatifu? Mchezo haumalizi swali hilo. Kila kizazi lazima kilijibu chenyewe, na hakiwezi kulijibu kama hakikuonyeshwa.

Michezo ya mbali nayo ina haki yake. Julius Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Kaizari mwaka 1963, kisha akausahihisha na kuutoa tena mwaka 1969, alikuwa kiongozi wa nchi akiwapa raia wake habari za kiongozi aliyeuawa na rafiki zake kwa kuogopwa kuwa mfalme. Mwaka 1969 alipoutoa ule wa wafanyabiashara wa Venisi, aliuita Mabepari wa Venisi, na kwa neno moja mchezo wa kale ukaingia katika mabishano ya miaka ya Azimio la Arusha. Samuel Mushi alileta Makbeth na Tufani, na baadaye Mfalme Edipode kutoka kwa Sofokile. Amandina Lihamba aliichukua kazi ya Ousmane Sembène wa Senegal akaifanya Hawala ya Fedha mwaka 1980, na kila aliyepata kusukumwa kutoka dirisha moja la ofisi hadi jingine akiitafuta haki yake aijua habari ile. Basi anayesema kwamba ya kale ni ya wazungu na ya leo ni ya Waafrika hajavisoma vitabu hivi. Na anayesema kwamba ya kale tu ndiyo yenye fahari hajavisoma vilevile.

Husemwa kwamba watazamaji hawataki mambo ya zamani. Walijuaje, na hawakuonjeshwa? Husemwa kwamba mchezo wa zamani hauleti fedha. Lakini mchezo unaojulikana na watu wazima kutoka siku zao za shule una wateja tayari, tena wateja watakaokuja pamoja na watoto wao. Husemwa kwamba lugha yake imechakaa. Mchezaji stadi huifanya lugha ya juzi isikike kama ya leo, na asiye stadi huiua hata lugha ya leo. Mwisho husemwa kwamba kurudia ya kale kutawanyima nafasi waandishi wapya. Hoja hii ina uzito, na kwa hiyo ndiyo inayotaka kujibiwa vizuri. Mwandishi mpya hufundishwa na nani, kama si na mchezo mzuri alioutazama akatamani kuushinda? Anayeandika bila kuona waliomtangulia huyagundua upya makosa yao, akadhani ni uvumbuzi.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Chama chenye nguvu ya kucheza michezo minne kwa mwaka na kicheze miwili mipya, mmoja wa Kiswahili wenye umri usiopungua miaka 20, na mmoja uliotafsiriwa. Chenye nguvu ya miwili na kicheze mmoja mpya na mmoja wa zamani. Kila kimoja na kiwe na daftari, nalo liandikwe jina la mchezo, mtunzi wake, siku ulipochezwa, waliocheza, na idadi ya waliotazama. Na nakala ya maneno yenye alama za mwongozaji itunzwe pamoja nalo. Walimu wa fasihi katika vyuo vikuu, ambao wamepata vyeo kwa kuichambua michezo hii, na wadaiwe deni lao: kila anayetahini mchezo na ausimamie uchezwe mbele ya watu wasio wanafunzi wake. Na wachapaji wenye haki za vitabu vilivyokwisha madukani wavitoe tena, au waruhusu vinakiliwe kwa kuchezwa.

Mambo haya ni machache, na mengi yake yahitaji daftari la shilingi chache na mtu mmoja mwenye bidii. Chama kitakachoyapuuza na kiendelee kujiita chama cha michezo kikipenda. Lakini kisilalamike siku ambapo mchezo wake mpya, uliogharimu usingizi wa mtunzi na jasho la wachezaji, utakapotupwa na wale watakaokuja baadaye, kwa kuwa hayo ndiyo malezi kilichowapa.