Laana Si ya Jiwe

Deni likikaa sana, mdaiwa hulisahau kabla ya mdai. Maisha ya kisasa yana deni la namna hii. Mtu awashaye taa London, apigaye simu Tokyo, au aendeshaye gari la umeme katika barabara za Norway, aghalabu hajui kuwa huenda anatumia mali iliyotoka chini ya ardhi ya Katanga, kusini-mashariki ya Kongo. Kutojua huko kungesameheka kama kungekuwa kutojua tu. Lakini juu yake limejengwa neno jingine, nalo husemwa na wenye elimu katika vitabu na mikutano: kuwa nchi ile ina laana ya madini, kuwa mali nyingi chini ya ardhi huzaa umaskini juu yake, kama mvua nyingi izaavyo mafuriko. Neno hili lina sura ya hekima, bali ndani yake mna udhuru. Maadamu jiwe ndilo lenye kosa, hapana mtu wa kuulizwa.

Kwanza na utazamwe ukubwa wa deni lenyewe. Shaba ni mshipa wa umeme: hupita katika kuta za nyumba, katika mitambo izalishayo nguvu, na katika injini za magari mapya. Mwaka wa 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili duniani baada ya Chile. Na karibu yote ilitoka katika majimbo mawili, Haut-Katanga na Lualaba, yaliyozaliwa Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka wa 2015. Kobalti hutoka pamoja na shaba katika mwamba mmoja. Huipa betri uwezo wa kuweka nguvu nyingi katika umbo dogo bila ya kuharibika upesi, na huitia chuma cha injini za ndege ustahimilivu wa moto mkali. Zaidi ya thuluthi mbili za kobalti ichimbwayo duniani hutoka huko. Na kabla ya kobalti kutakiwa na betri, urani ya Shinkolobwe ilitakiwa na vita. Mwaka wa 1940 zaidi ya tani 1,000 za mbale yake zilipelekwa New York zikawekwa ghalani. Urani ya mgodi ule ikawa sehemu kubwa ya ile iliyotengenezea mabomu ya Agosti 1945. Dunia imejifunza majina ya wataalamu walioipasua atomu. Ni nani aliyefundishwa jina la mchimbaji mmoja wa Shinkolobwe?

Basi, ikiwa jiwe lina laana, laana hiyo ilianza lini? Kabla ya Mzungu yeyote kutia sahihi karatasi juu ya ardhi ile, mafundi wa Katanga waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuri za udongo, wakaimimina shaba katika kalibu za misalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha mbali sana na mahali ilikotengenezwa. Biashara ya shaba ndiyo iliyomfikisha huko Msiri, mwana wa mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, ambaye katika nusu ya pili ya karne ya 19 alisimamisha ufalme wa Garenganze, makao yake Bunkeya, akafanya biashara na pwani ya mashariki na ya magharibi pia. Ufalme ule haukuwa wa malaika. Uliuza pembe, na uliuza watu. Lakini mwenye tanuri alijua bei ya shaba yake, na aliweza kukataa kuuza. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Jiwe lilibaki palepale lilipokuwa. Kilichoondoka ni uwezo wa kukataa.

Yaliyofuata yalitendwa na watu, nayo yana tarehe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906; tanuri yake ya Lubumbashi ilianza kutoa shaba mwaka wa 1911. Wafanyakazi walikusanywa kutoka mbali, wakawekwa kambini, na kambini humo Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya nyumbani. Desemba 1941, shaba ya Katanga ilipokuwa ikihitajiwa na majeshi kuliko wakati wowote, wafanyakazi wa Élisabethville waligoma wakidai mshahara wa kutosha kuishi. Walijibiwa kwa risasi, na wengi wakafa. Je, risasi zile zilitoka mwambani? Mwenye kuandika juu ya laana ya madini na aonyeshe mahali ambapo mwamba ulishika bunduki.

Watetezi wa laana wana hoja moja yenye nguvu, nayo haistahili kufichwa. Husema kuwa wageni waliondolewa, na hali haikutengenea. Ni kweli. Januari 1967 serikali ya Mobutu ilitwaa mali ya Union Minière, na kutoka humo ikazaliwa kampuni ya taifa, Gécamines. Jimbo lenyewe likapewa jina la Kiswahili, Shaba, tangu mwaka wa 1971 hata 1997. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani laki tano za shaba kwa mwaka. Hospitali, shule na posho ya unga vilitoka mkononi mwake. Walakini fedha ilikamuliwa na watawala kama maziwa ya ng'ombe asiyelishwa. Vyuma vilichakaa bila ya kubadilishwa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia mwaka wa 1994 shaba iliyotolewa haikufika sehemu moja ya kumi ya ile ya siku za kilele. Hoja hii ni ya kweli, lakini haimshitaki yule inayedaiwa kumshitaki. Inawashitaki watawala waliokula mbegu. Aliyeiba jina la umma akaliandika juu ya mkoba wake ni mwizi kama yule aliyekuja na merikebu. Mwizi wa pili hamtakasi wa kwanza, wala wawili hao hawaifanyi nyumba kuwa ndiyo yenye kosa.

Katika yote hayo hapana ushahidi ulio wazi kuliko wa umeme. Katika maporomoko ya Inga, karibu na mlango wa mto Kongo, mitambo miwili ilizinduliwa, wa kwanza mwaka wa 1972 na wa pili mwaka wa 1982. Kutoka hapo ukavutwa waya wa urefu wa kilomita zipatazo 1,700 hata Kolwezi, kwenye migodi. Waya huo huchukua umeme wa mkondo mnyoofu, ambao hauchoteki njiani ila kwa mitambo ya gharama kubwa. Na mitambo hiyo haikuwekwa. Kwa hiyo nguvu ilipita juu ya vijiji vingi na watu wengi, kama mgeni wa heshima apitaye usiku bila ya kusalimu. Huko Katanga kwenyewe mabwawa yalikwisha kujengwa zamani kwa ajili ya kampuni: Mwadingusha katika mto Lufira tangu mwaka wa 1930, na Nzilo na Nseke katika mto Lualaba katika miaka ya 1950. Kila moja lilipimwa kwa njaa ya tanuri. Hata leo, katika taifa zima la Kongo, apataye umeme ni kama mtu mmoja katika watano. Nchi iupayo ulimwengu waya wa kupitishia umeme haina umeme wa kupitisha katika waya wake. Mhandisi ndiye aliyechora mstari ule, na waziri ndiye aliyeutia sahihi. Laana gani hii ijuayo kusoma ramani?

Wako wengine, wenye huruma, washikao njia nyingine. Wamesoma habari za wachimbaji wadogo wa Kolwezi, washukao mashimoni bila ya nguzo wala kofia ya chuma, na za watoto waoshao mawe mitoni. Wakasema dawa ni kuacha kununua kobalti ya Kongo. Huruma yao ni ya kweli, bali dawa yao humwua mgonjwa. Mchimbaji huyo hakuliacha shamba kwa kupenda giza la shimo. Hana kazi nyingine yenye kulisha nyumba. Akinyimwa mnunuzi wa wazi atamwuzia wa kificho, kwa bei ya chini zaidi, na mtoto atashuka pamoja naye badala ya kwenda shule. Anachohitaji ni mizani isiyodanganya, eneo la kuchimba linalotambuliwa na sheria, na mnunuzi alazimishwaye kuuliza jiwe limetokaje.

Wako pia wauzao magari ya umeme kana kwamba wanauza toba. Hewa ya miji yao ikisafika, hudhani hesabu imefungwa. Kusafisha hewa ni jambo jema, na hapana mwenye akili aombaye moshi urudi. Lakini usafi uliopatikana kwa kuhamisha uchafu kutoka mtaa wa mnunuzi hata mto wa mchimbaji haujatimia. Kadhalika faida: sehemu kubwa ya kobalti husafishwa China, na betri hutengenezwa huko na kwingineko. Kongo huuza kitu wakati wa unyonge wake, hukinunua wakati wa utukufu wake, na tofauti ya bei huwajengea wengine vyuo.

Serikali ya Kongo imeanza kuutumia tena ule uwezo wa kukataa. Kwa sheria ya madini ya mwaka wa 2018 na amri ya serikali iliyoifuata, kobalti ilitiwa katika madini ya thamani ya pekee, na mrabaha wake ukapandishwa hata asilimia 10. Februari 2025 ilisimamisha kabisa kuuza kobalti nje, na Oktoba mwaka huohuo ikaweka migao. Masoko yalishituka, na huo peke yake ni uthibitisho wa nani mwenye mali. Lakini kufuli mlangoni si tanuri jikoni. Kufuli hupandisha bei kwa msimu; tanuri, umeme na mafundi hubadili karne.

Sheria ileile ya 2018 iligawa mrabaha kwa namna isomekayo na mtoto wa shule: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Iliagiza pia kwamba kila kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kwamba ifanye nao mapatano ya maandishi. Hapa ndipo wasomi wa Kiswahili wasipoweza kujificha nyuma ya wahandisi. Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa. Kiswahili ni moja ya lugha zake nne za taifa, na ndiyo lugha ya migodi ya kusini. Mapatano yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mwanakijiji hasomi ni mapatano ya upande mmoja. Mtu hawezi kudai asilimia asiyoweza kuisoma. Kutafsiri sheria ile, kuipa istilahi zilizo wazi za mrabaha, mauzo na fidia, na kuifikisha mikononi mwa watu wa Kolwezi, Likasi na Kipushi, ni kazi ya vyuo vya Lubumbashi na ya Dar es Salaam pia. Shaba ya Katanga hushuka kwa barabara na kwa reli hata bandari ya Dar es Salaam. Mji unaopokea ushuru wa mzigo una wajibu kwa mwenye mzigo. Lugha iliyochukuliwa na misafara ya biashara hata Bunkeya haiwezi leo kudai kuwa ni ya mashairi tu.

Alhasili, madai ni machache, na hayana muujiza ndani yake. Umeme wa mito ya Kongo ufike nyumbani kwa Mkongo kama ufikavyo tanurini. Sehemu ya kusafisha na kuunda ibaki nchini. Mikataba itangazwe, kwa lugha ya wale ambao ardhi yao imetiwa sahihi. Mambo hayo yakikataliwa, yatakuwa yamekataliwa na watu wenye majina, wenye vyeo, na wenye anwani. Na waulizwe hao. Jiwe liachwe na ukimya wake. Halijapata kumdhulumu mtu.