Daftari la Duka la Bulla Iftin

Hivi karibuni nilikuwa miongoni mwa watu walioalikwa katika hoteli moja mjini Nairobi kushuhudia kampuni fulani, ambayo jina lake nitalihifadhi, ikitoa matangi ya maji kwa ajili ya ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki. Hotuba zilikuwa saba, matangi yalikuwa sita. Mpiga picha alimwomba meneja arudie kushikana mikono na mzee aliyekuja kuyapokea, maana mara ya kwanza mzee hakutabasamu. Nilipouliza ni nani atakayeyatia maji matangi hayo, niliambiwa kwamba hilo ni swali zuri, kisha tukakaribishwa chakula.

Sisemi kwamba sadaka ni mbaya. La hasha! Kinachonikera ni hii fikira kwamba kampuni yaweza kuchuma itakavyo siku zote za mwaka, kisha siku moja ikajisafisha kwa tangi la plastiki na picha gazetini. Nimeishi Garissa miaka sita, na huko nilifundishwa hesabu nyingine.

Ndugu msomaji, ukitaka kuiona hesabu hiyo, nenda soko la mifugo la Garissa siku ya Jumatano. Mtazame dalali. Mgeni atadhani kazi yake ni kupiga kelele na kuwakutanisha mwenye ng'ombe na mwenye fedha. Kumbe yeye ni mdhamini. Anasimama mbele ya watu na kusema kwamba mnyama huyu si wa wizi, na kwamba muuzaji anamfahamu yeye na ukoo wake. Ikiwa juma lijalo atatokea mtu akidai kuwa ng'ombe ni wake, wa kwanza kutafutwa ni dalali. Hana ofisi, hana muhuri, wala hana mwanasheria. Mtaji wake ni jina lake, na jina hilo si lake peke yake, maana jamaa zake nao wanalitumia. Akidanganya mara moja, mpwa wake atanyimwa mkopo wa mbuzi huko Modogashe.

Nilipokuwa nikisoma habari za Wajapani niliyakuta mambo yaliyonifanya nicheke peke yangu, kwa jinsi yalivyofanana na haya. Katika nchi ya Omi, kandokando ya ziwa Biwa, sehemu ambayo siku hizi huitwa Shiga, walikuwako wachuuzi waliokuwa wakitembea na mzigo begani, wakiuza vyandarua na vitambaa katika majimbo ya mbali ambako hawakuwa na ndugu wala mtetezi. Mtu wa namna hiyo akimpunja mteja, mwaka ujao hatapata hata pa kulala. Mfanyabiashara mmoja wa huko, Nakamura Jihei, aliacha wasia mwaka 1754 akimhimiza mrithi wake awafikirie kwanza watu wa mahali anapouza, asiitangulize faida yake. Baadaye wanachuoni waliufupisha mwenendo huo kwa maneno "sampo yoshi", yaani wema wa pande tatu: kwa muuzaji, kwa mnunuzi, na kwa jamii. Kampuni kubwa ya Itochu, ambayo asili yake ni mchuuzi wa Omi aliyeanza kazi mwaka 1858, iliyafanya maneno hayo kuwa shabaha yake rasmi mwaka 2020.

Lakini tusiwafanye Wajapani kuwa malaika. Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Minamata. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ukatangazwa. Mwaka 1959 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema wazi kwamba chanzo ni zebaki. Daktari wa kampuni yenyewe alikuwa amejaribu maji machafu ya kiwanda kwa paka, na paka akaugua vivyo hivyo. Jambo hilo likafichwa. Tena akapatikana profesa wa Tokyo aliyezua sababu nyingine, ili kiwanda kisiguswe. Kumwaga sumu hakukukoma mpaka 1968, na hukumu ya kuilaumu kampuni ilitolewa 1973.

Naona hapo pana funzo kwa vyuo vyetu pia. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopewa hati yake mwaka 2017, kimezungukwa na biashara za kila aina. Wanafunzi wake wanafundishwa usimamizi wa biashara. Je, watakuwa kama wale wa Kumamoto au kama yule wa Tokyo? Kazi ya kuchunguza ipo tele, na haihitaji kwenda mbali.

Kwa mfano, bima ya mifugo. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa, ikishirikiana na watafiti wa ILRI, ilianza kuuza bima hiyo Wajir kwa kanuni za Kiislamu: wafugaji huchangia mfuko mmoja, na atakayepatwa na shida husaidiwa kutoka humo. Hakuna afisa anayekwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti hutazama ardhi kutoka juu, na ukijani wa malisho ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, watu hulipwa. Machi 2014 wafugaji zaidi ya 100 wa Wajir walipokea fedha zao. Mimi nasema biashara ya namna hii ina wema kuliko matangi mia, kwa sababu wema wake umo ndani ya biashara yenyewe. Hata hivyo setilaiti huona, haionji. Mathenge, ule mti wa miiba uliovamia malisho yetu, hukaa kijani wakati ng'ombe wanakufa. Wakala anayemweleza mfugaji mambo hayo kabla ya kupokea fedha zake ni mtu mwaminifu. Anayenyamaza ameuza nusu ya ukweli kwa bei ya ukweli mzima.

Na kuna biashara nyingine ambazo hata nusu hiyo hazina. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 wakafa nchini Kenya, nilimwona mwenye boza mmoja akijaza maji ya mto Tana na kuyapeleka vijijini. Kila juma bei ya mtungi ilipanda. Nilimwuliza kama dizeli nayo imepanda kiasi hicho. Akanijibu kwamba haikupanda, ila kiu imepanda.

Sasa nirudi Bulla Iftin, mahali nilipokuwa nimepanga chumba. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia chuoni Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye serikali ilisimamisha leseni za makampuni 13 ya hawala. Siilaumu serikali kwa kuzisaka fedha za wauaji. Damu ya vijana wale ilikuwa haijakauka. Lakini fedha zilizozuiwa zilikuwa pia za mama jirani yangu, ambaye mwanawe alikuwa akifanya kazi Minneapolis na kumletea dola kila mwezi. Uingereza nako, miaka miwili kabla yake, benki ya Barclays ilikuwa imeamua kuzifunga akaunti za makampuni mengi ya kupeleka fedha, hata mkimbiaji Mo Farah akapaza sauti kuwatetea watu wa kwao. Mwenye benki kubwa hufunga dirisha kwa barua moja. Anayebaki nje hamwoni.

Mwenye duka wetu alikuwa akimwona kila asubuhi. Aprili yote na Mei yote mama yule alichukua unga, sukari na mafuta, na mzee aliandika katika daftari lenye jalada jekundu. Hakuwa mama peke yake. Nilihesabu majina kumi na manne. Rafu zilianza kuwa tupu, maana wauzaji wa jumla wa Eastleigh walitaka fedha zao.

"Mzee," nikamwambia, "mwisho utafunga duka."

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho, "nikiwafungia hawa, duka nitamfungulia nani?"

Juni hawala zilifunguliwa. Mama alipopata fedha zake alipita dukani kabla ya kufika nyumbani. Mzee alizihesabu mara mbili, akapiga mstari juu ya ukurasa mzima, kisha akamrudishia shilingi 200 kwa sababu, alivyosema, sukari ya mwezi wa Mei aliiandika kwa bei ya juu kwa kukosea. Wale kumi na watatu wengine walilipa kidogo kidogo. Mmoja alikuwa bado hajamaliza nilipohama, na ukurasa wake ulikuwa ungali wazi.