TUSIMTUPE TULIYEMZAA



Kijana wa Vamizi akiwaambia wazazi wake kwamba moyo wake umeelekea kwa wa jinsia yake, wengi huwaza kwanza majirani watasema nini. Swali la kwanza liwe hili: mtoto atalala wapi?

Sheria haimwindi tena. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ilikataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu hiyo, na Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 2015 ilifuta adhabu iliyorithiwa kwa Mreno. Anayeweza kumfukuza sasa ni mzazi. Na huku Cabo Delgado, ambako vita vilivyoanza mwaka 2017 vimewahamisha malaki ya watu, na Vamizi yenyewe ikavamiwa mwaka 2020, kijana asiye na kwao akimbilie wapi?

Basi, wazazi, msimpige, msimwoze kwa nguvu, msimtoe shuleni. Msikilizeni. Jirani akimtukana, mjibuni: huyu ni mwanetu.

Sisi wa chama hatumwachi mwenzetu anapoonewa na mwajiri. Tutamwachaje mtoto wetu anapoonewa mtaani? Jino la pembe si dawa ya pengo.