Msafiri si kafiri: Ukimwi na masharti ya kazi pwani

Waswahili wana methali fupi isemayo, "Msafiri kafiri." Wazee huifasiri kwamba mtu aliye safarini hubanwa na dhiki za njia, hata akashindwa kutimiza yale ambayo angeyatimiza akiwa kwake. Kwa maana hiyo, methali humtakia msafiri udhuru. Lakini panapozungumzwa Ukimwi, twaielewa kwa namna nyingine kabisa: msafiri ni mtu asiye na dini wala haya, aliyetoka kwao mzima akarudi na maradhi.

Fikra hii imejaa katika madarasa yetu. Mwambie mwanafunzi aandike insha juu ya kuenea kwa Ukimwi katika Kaunti ya Kilifi, naye atakutajia madereva wa malori na utingo wao, wavuvi wa kambini, vijana wa ufuoni na wasichana wa mahotelini. Ukiichunguza orodha hiyo utaona kwamba si orodha ya tabia. Ni orodha ya kazi. Hata hivyo, kazi yenyewe haijapata kuwa kiima cha sentensi zetu. Daima kiima ni mtu: yeye ndiye aliyezurura, yeye ndiye aliyeleta, yeye ndiye aliyeambukiza. Hoja yangu ni kwamba hatari haimo katika miguu ya anayesafiri, bali imo katika masharti ya kazi anayoifuata.

Kusafiri si jambo geni kwetu. Tangu jadi wavuvi wa Pemba huja na upepo wa kaskazi, wakapiga dago Malindi na Ngomeni, kisha kusi linapokaribia wakarejea makwao. Kulikuwa na safari nyingine, ya kulazimishwa. Mekatilili wa Menza alipowaapisha Wagiriama mwaka 1913, na vita vikazuka mwaka 1914, moja ya mambo waliyoyapinga ni serikali ya kikoloni kuwatoza kodi na kuwataka vijana wao wakafanye kazi mbali na nyumbani. Wagiriama hawakuwa wavivu; walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa nafaka. Walichokikataa ni kazi inayomng'oa mtu kutoka kwa jamaa zake bila hiari yake.

Siku hizi hakuna askari anayekuja kuchukua vijana vijijini. Ukame wa Ganze na Magarini unatosha kuwatoa. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichokuwa tegemeo la wengi, kilianguka katika miaka ya 1990. Anayetafuta riziki huelekea mashamba ya mkonge ya Vipingo, mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, mahoteli ya Malindi na Watamu, au Mtwapa na Mombasa. Wengine hufuata biashara za barabarani Mariakani, ambako malori husimama kupimwa uzito yakiwa safarini kwenda Nairobi na Uganda.

Sasa tuyatazame masharti ya kazi hizo. Mahoteli huwa na msimu. Mvua za masika zinapoanza, watalii huondoka, na kibarua huambiwa akae nyumbani hadi Julai. Kodi ya chumba haina msimu. Baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, na tena janga la Korona lilipofunga utalii mwaka 2020, watu wengi walipoteza mishahara ghafla. Msichana aliyetoka kijijini kuja kufua mashuka ya hoteli, naye sasa hana mshahara wala nauli, hulazimika kumtegemea mwanamume mwenye fedha. Mwenye kutegemea hana nguvu ya kudai mpira utumiwe. Tukimwita malaya tutakuwa tumempa jina, lakini hatutakuwa tumeeleza lolote.

Kwa upande wa pili, yuko mume aliyeajiriwa mbali, anayelala chumba kimoja na wenzake watano na kuonana na mkewe mara mbili kwa mwaka. Hapa pia hupenda kusema kwamba mume ndiye huleta virusi nyumbani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu wafanyakazi wahamaji wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ulitatiza dhana hiyo. Miongoni mwa wanandoa ambao mmoja wao tu ndiye aliyekuwa na virusi, karibu thuluthi moja walikuwa ni mke, si mume. Yaani utengano humweka hatarini anayeondoka na vilevile anayebaki. Mke aliyeachwa bila fedha za matumizi naye ana njaa, ana upweke, ana watoto wa kulisha.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba namwondolea mtu dhamana ya matendo yake. La hasha. Kila mtu mzima ana wajibu wa kujilinda na kumlinda mwenzake. Lakini tangu kisa cha kwanza kutambuliwa Kenya mwaka 1984, na hata baada ya serikali kuutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999, mahubiri ya tabia njema hayajakoma. Kama mahubiri pekee yangetosha, tungekuwa tumekwisha kupona zamani.

Aidha, hali ya matibabu imebadilika. Mtu anayeishi na virusi, akitumia dawa kila siku hadi virusi visionekane katika vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Huu ni ukweli wa kisayansi, nao unastahili kufundishwa kila shule. Ila dawa hutaka utulivu. Kibarua aliyeitwa leo aanze kazi kesho Lamu hapati nafasi ya kuchukua dawa za miezi mitatu. Dereva hupita kliniki ikiwa imefungwa. Mfanyakazi wa zamu huogopa kuomba ruhusa kila mara, asije akaulizwa anaumwa nini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na dawa iliyoko kliniki ya kijijini haimsaidii aliyeko Mariakani. Hofu hii iliongezeka mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, na baadhi ya huduma za Ukimwi nchini zikavurugika.

Wapo pia mabinti wetu wanaokwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Hupimwa virusi kabla ya kuondoka, na anayepatikana navyo hunyimwa kibali. Kipimo hicho hakikusudiwi kumtibu, kinakusudiwa kumchuja. Akishaachwa, hurudi kijijini na deni la safari asiyoisafiri.

Basi tufanye nini? Sheria tunazo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi ya kufaa karibu na mahali pa kazi, au fedha za kutosha kulipia kodi. Humpa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo kamili. Husema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja asiendelee kuhesabiwa kuwa wa kutwa. Nayo sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa kama sharti la kuajiriwa. Kila mkaguzi wa kazi anayehakikisha kwamba vifungu hivi vinafuatwa katika mashamba na mahoteli anapigana na Ukimwi, hata kama hajavaa koti jeupe. Serikali ya Kaunti nayo ifungue kliniki jioni na usiku katika vituo vya malori, na iwarahisishie wagonjwa kuchukua dawa popote walipo.

Walimu wenzangu, jambo hili latuhusu sisi wenyewe. Sera ya kuwahamisha walimu mbali na kaunti zao, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2018 kabla ya kulegezwa baadaye, iliwatenganisha wengi na wake au waume zao. Hakuna aliyetuita makafiri. Tulisema kwamba masharti ya kazi yalikuwa magumu, na tulisema kweli. Mchuma chumvi wa Gongoni anastahili sentensi iyo hiyo.

Kwa hiyo, tutakapowapa wanafunzi insha juu ya Ukimwi, tubadilishe swali. Tusiwaulize ni nani aliyeuleta. Tuwaulize mfanyakazi analala wapi, analipwa lini, anarudi kwao mara ngapi kwa mwaka, na kliniki iliyo karibu naye hufungwa saa ngapi. Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo kwa ukamilifu atakuwa ameanza kuuelewa ugonjwa huu. Tena huenda mzazi wake ni miongoni mwa wasafiri hao, naye ataweza kuandika bila kumwonea aibu.